Naomba ushauri: nataka kuiondoa IST yangu kwenye esanse (petroli) iende kwa umeme, hapa Lubumbashi

Mwana_Katuba
Jambo yenu wakubwa. Mimi ni taksimani hapa Lubumbashi, nakaa Katuba. Kabla ya taksi nilifanya miaka sita umeme wa magari garajini, kwa hiyo waya siziogopi. Gari ni Toyota IST, njo inayolisha nyumba. Kwa siku napiga kilomita 120 mpaka 150 na inakunywa esanse karibu lita 12. Jioni nikihesabu makuta naona kituo cha mafuta ndicho kilifanya kazi, mimi nilikisindikiza tu.

Wiki iliyopita ghala moja lilitoa vyuma vyake vya zamani kuviuza. Ndani yake kuna ile mashine ya kubebea mizigo yenye meno mawili mbele, ya batri. Moteri yake bado nzima, wananiomba dola 250. Nimeona kwenye video watu wa Marekani wanatoa moteri ya esanse, wanafunga ya namna hiyo, na gari linaenda.

Nina mashine ya kuchomelea, nina palan ya kuinulia moteri, nina mdogo wangu. Bajeti ni dola 3,500, na 1,000 kati yake natarajia zamu yangu ya likelemba (upatu) mwezi ujao. Moteri hiyo itaiweza IST? Ninunue batri gani? Na taksi italala siku ngapi?

Kuna pia Coccinelle, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya marehemu baba, ya 1973, iko juu ya matofali nyuma ya nyumba tangu moteri yake ife. Hiyo naitaja tu, msije mkaniambia niiuze.

Ruashi_Express
Gari lisilo na sauti sokoni Njanja? Siku ya kwanza tu utamgonga mama na beseni lake la ndizi. Funga honi mbili.

Mzee_Mekano
Mwanangu, usitoe dola bado. Nikuulize moja: IST yako ni otomatiki? Kama ni otomatiki, hapo hapo umekwama. Bwate (giaboksi) ya namna ile inaishi kwa shinikizo la mafuta yake, na pampu ya shinikizo inazungushwa na moteri hata gari likiwa limesimama. Moteri ya umeme ukisimama nayo inasimama, shinikizo linaanguka, kila ukiondoka vitu vinateleza ndani na kuungua. Kuna wanaolizunguka tatizo hilo, lakini si kwa bajeti yako.

Halafu fre, yaani breki. Pedali ya IST ni laini kwa sababu moteri ya esanse inavuta hewa kwenye lile bakuli jeusi lililo nyuma yake. Toa moteri, mguu wako utafikiri unakanyaga ukuta. Itabidi ununue pampu ya umeme ya kuvuta hewa, na ikifa ukiwa unateremka na abiria wanne, mimi simo.

Sasa ile ya baba yako. Moteri ya Coccinelle imeshikwa kwenye bwate kwa bulo (bolti) nne. Nne! Enzi zetu tulikuwa tunaishusha kwa jeki moja na kipande cha mbao, chai haijapoa. Haina radiata, usukani wake hausaidiwi na kitu, fre zake hazingoji hewa ya moteri, vitesi (gia) ni vya mkono. Kila kitu ambacho kwenye IST ni shida, kwenye ile hakipo.

DarVolti
Mkuu, salamu kutoka Dar. Namuunga mkono mzee hapo juu kwa asilimia zote. Mimi niligeuza kabajaji, si gari, lakini kanuni ni zile zile.

Kuhusu hiyo mota ya foklifti, hiyo mashine ya meno mawili, usinunue kwa macho. Fungua kifuniko cha nyuma. Ukikuta makaa ya kaboni na vituo vinne vinene, ni mota ya DC ya mfululizo, ndiyo rahisi kuliko zote. Ukikuta vituo viwili vinene na viwili vyembamba, uga wake (koili za pembeni) unalishwa peke yake, inataka kontrola ya aina yake. Ukikuta vituo vitatu na hakuna makaa, hiyo ni ya AC, usiichukue bila kibadilishi chake. Soma na kibao: volti ngapi, kilowati ngapi. Na uliza kama ni ya kutembeza mashine au ya pampu ya kuinulia mizigo. Nyingi za kutembeza hazina kifuniko wala beringi upande wa mbele, kwa sababu kule zinafungwa moja kwa moja kwenye ekseli. Hapo utahitaji mkerezaji akutengenezee, na si kazi ya nusu saa.

La pili, na hili usilisahau hata ukiwa na usingizi: mota ya mfululizo HAIWASHWI bila mzigo kwa volti zake kamili. Haina kikomo, inaongeza kasi mpaka koili zinachomoka na kukurukia. Kuijaribu, tumia betri moja ya volti 12, na uifunge kwanza kwenye kitu kizito.

Tatu, kama mashine bado ipo pale ghalani, chukua na kontrola (inayopima umeme wa kwenda kwenye mota), pedali, kontakta (swichi kubwa ya umeme) na ile plagi kubwa ya betri. Watu wananunua mota tu, kisha wanatafuta kontrola kwa bei ya mota tatu. Chaja yake waachie, ni ya betri za risasi.

Mwana_Katuba
Aksanti sana. IST ni otomatiki kweli. Lakini wakubwa, Coccinelle hailipi shule. Taksi ndiyo inakula esanse. Nikigeuza gari la kutembelea nimefanya nini?

Mama_Sola
Mdogo wangu, mimi nauza na kufunga sola hapa mjini, hesabu hii naifanya kila siku kwa wenye friji. Tuifanye kwa taksi yako.

Gari kama IST mjini, na abiria, na mashimo yetu, tuseme wati-saa 180 kwa kilomita moja. Kilomita 140 ni kilowati-saa 25 kwa siku. Chaja inapoteza kidogo, kwa hiyo ukutani unavuta karibu 29. Plagi ya nyumbani ukiivuta kilowati 3 bila kuyeyusha waya, ni saa kumi kasoro. Nakuuliza kwa upendo: huko Katuba umeme unakaa saa kumi mfululizo usiku mara ngapi kwa wiki? Na unapokuwepo, volti ni 220, au ni zile 160 ambazo balbu inakuwa kama mshumaa?

Utasema sola. Lakini jua linapowaka, taksi iko mjini. Paneli hazitakufuata kwenye barabara ya Kasenga.

Na batri yenyewe: seli za lithiamu-fosfeti za Ah (amperi-saa) 280, hizi tunazofunga kwenye sola, moja ni volti 3.2, karibu kilowati-saa 0.9. Kwangu zinatoka dola 100. Batri zisimalizwe mpaka sifuri, ubakize asilimia 20, kwa hiyo kwa siku yako ya kazi unataka seli 35. Ni dola 3,500. Bajeti imeisha na bado hujanunua hata fyuzi.

Coccinelle sasa. Ni nyepesi, tuweke wati-saa 150. Mke wako akienda sokoni na watoto wakienda shule ni kilomita 30? Kilowati-saa 4.5. Hata umeme ukija kwa masaa mawili tu usiku, umejaza. Na kwa kuwa gari hilo mchana linakuwa nyumbani, paneli sita za wati 450 zinalishibisha bila kumuomba mtu.

Ruashi_Express
Mama Sola, na zile za risasi? Batri za malori zimejaa mjini, bei nusu.

Mama_Sola
Batri ya lori imetengenezwa kuwasha moteri sekunde tatu, si kutembeza gari nusu saa. Hata zile za risasi za sola: nane za Ah 100 ni karibu kilo 240, unaruhusiwa kutumia nusu tu, na ukizivuta kwa amperi 200 hata hiyo nusu haitoki yote. Utapata kilomita 25 ukiwa na bahati, na baada ya mwaka mmoja au miwili unaanza tena.

Mwana_Katuba
Mama, inaniuma. Malori ya kobalti ya Kolwezi yanapita hapa kila siku kwenda mpakani Kasumbalesa, dunia nzima inatengenezea batri, halafu mimi mtoto wa Katanga naambiwa seli dola 100?

Mama_Sola
Pole, lakini seli ninazokushauri hazina kobalti hata chembe. Ni chuma na fosfeti. Ndiyo maana si rahisi kuwaka moto kama zile za kobalti, na ndiyo maana nakubali mtu azifunge nyuma ya nyumba. Kobalti yetu inaenda kwenye simu na kwenye magari ya watu wenye haraka.

Mzee_Mekano
Kabla hamjafika mbali: uzito. Coccinelle tupu ni karibu kilo 800. Ukitoa moteri, tangi na bomba la moshi, unashusha kama 120. Unapandisha moteri ya umeme, tuseme 80, nyaya na vyuma 30, na batri. Kibao cha gari kitakuambia mwisho wake ni ngapi, yapata 1,200 pamoja na watu.

DarVolti
Basi seli 24, Mkuu. Seli moja ni kama kilo 5.4, jumla 130. Gari linakuwa 920, linabakiza nafasi ya watu wanne wa kawaida. Ukitamani seli 32, unamwacha shemeji nyumbani.

Tena 24 mfululizo ni volti 77, inaendana na foklifti ya volti 80 bila kubadili kontrola. Ukizivuta amperi 280, ambayo ndiyo kiasi cha mwisho cha seli za sola, unapata kilowati 21. Si gari la mashindano, lakini Lubumbashi naambiwa ni tambarare. Umbali ni zaidi ya kilomita 100. Usichaji zaidi ya volti 83 hivi, seli zitakaa miaka.

Zigawe: nyingine chini ya kiti cha nyuma, nyingine mbele palipokuwa na tangi. Ukiweka zote nyuma, usukani utaelea. Lipeleke kwenye mizani ya malori kabla na baada, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake.

Mengine ya lazima: BMS (bodi ya kulinda batri) inayoangalia kila seli, fyuzi na kontakta vya DC, maana swichi ya nyumbani kwenye volti 77 za DC haikati, inachora moto ambao hauzimiki; pia kizuizi cha kuijaza kontrola umeme taratibu kabla kontakta haijafunga, la sivyo kontakta itajichomelea yenyewe siku ya pili. Altaneta imeondoka, kwa hiyo unahitaji kishusha volti mpaka 12 kwa taa na honi. Vua saa na pete. Spana zote zizungushie utepe, mpini mzima. Spana ikiangukia seli mbili haikupigi shoti, inageuka kuwa waya wa kuchomelea.

Mzee_Mekano
Ambreyaji usiitoe.

DarVolti
Ambreyaji ndiyo nini, mzee?

Mzee_Mekano
Ile unayokanyaga kwa mguu wa kushoto.

DarVolti
Aah, klachi! Sawa kabisa. Ibaki na gurudumu lake. Kontrola inapogoma kukata umeme, klachi ndiyo inayokuokoa.

Ila ukiikanyaga, ondoa mguu kwenye pedali ya umeme kwanza. Unakumbuka nilichosema kuhusu mota bila mzigo.

Ruashi_Express
Na karatasi? Karte roze (kadi ya gari) ina namba, polisi wa roulage (barabarani) akifungua nyuma akakuta waya za rangi ya machungwa atakuuliza moteri iko wapi. Nenda ofisini ukaulize kabla ya kukata chuma, si baada.

Mwana_Katuba
Narudi baada ya siku tisa. Nimewasikia. IST inabaki na esanse yake, sikuigusa. Likelemba imechelewa, seli zitangoja.

Ghalani nilifungua kifuniko: makaa yapo, vituo vinne vinene, kibao kinasema volti 80. Nimechukua na kontrola, pedali na plagi, vyote dola 320. Upande wa mbele hakuna kifuniko, kama DarVolti alivyosema.

Nimeijaribu kwa batri ya 12. Niliifunga kwa kamba ya nguo. Imeruka kutoka mezani, ikavunja ndoo ya mama, ikazunguka uani mpaka waya ukachomoka. Mama amesema baba asingefanya hivyo, lakini amecheka.

Moteri ya Coccinelle nimeishusha jana, bulo nne kweli, ingawa moja ilitaka mafuta na matusi usiku mzima. Sasa turneri (mkerezaji) wa Kampemba anaomba vipimo vya bamba la kuunganishia. Nimpelekee karatasi?

Mzee_Mekano
Karatasi hapana. Mpelekee bwate yenyewe, gurudumu la ambreyaji na moteri, vyote pamoja, na ukae pale pale akipima. Mashafti mawili yakipishana hata sehemu ya kumi ya milimita, utaisikia kwenye mifupa, halafu beringi zitakufa. Mwambie aanze na tundu la katikati, bulo za pembeni zifuate.

Na ununue mnyororo. Kamba ya nguo ni ya nguo.