Mjadala: Aliyefungwa bila kosa alipwe moja kwa moja, au akashtaki kwanza?

Nauliza watu wa Nairobi, na nauliza kwa uchungu. Mjomba wangu alikaa gerezani miaka tisa kwa wizi wa mabavu. Shahidi alikuwa mmoja, aliyesema alimtambua usiku kwa mwanga wa tochi, na tochi yenyewe walikuwa nayo majambazi, wakimmulika usoni. Mahakama ya Rufaa ilimwachilia. Alirudi Dandora na bahasha ya kaki yenye nakala ya hukumu. Mpaka leo, saa kumi alasiri anakaa kwenye kigoda kungoja chakula cha jioni, kwa sababu kule ndani hugawiwa mapema. Hajalipwa hata nauli. Mimi nasema sheria iweke kiwango kwa kila mwaka, na mtu alipwe akiachiliwa tu. Mnasemaje?

MAMA WA UMOJA: Pole sana mwanangu. Lakini waliotuvamia sisi waliachiliwa pia. Jirani aliyewaona aliogopa kurudi kortini, basi kesi ikaanguka. Ushahidi kutotosha si sawa na mtu kuwa safi. Hao nao walipwe kwa kodi yangu?

WAKILI: Mama ana hoja, na hilo ndilo fundo lenyewe. Ila tazameni njia zilizopo. Kifungu cha 50(6) cha Katiba kinamruhusu aliyemaliza rufaa aombe Mahakama Kuu kesi isikizwe upya, akiwa na ushahidi mpya na mzito. Mwaka 2014, katika kesi ya Kibisu, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mpya ni ule ambao hungeweza kuupata wakati wa kesi hata ungefanya bidii. Sasa, mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili na serikali, lakini wa wizi wa mabavu mbele ya hakimu mara nyingi hujitetea mwenyewe. Bidii gani hiyo utafanya ukiwa rumande, huna simu, huna wa kukutafutia shahidi? Msamaha wa Rais chini ya kifungu cha 133 utakufungulia lango, lakini anayesamehewa ni mkosaji.

Fidia nayo lazima uishtakie. Uonyeshe kwamba waliokushtaki hawakuwa na sababu ya maana na walikuwa na nia mbaya. Madai ya namna hiyo dhidi ya serikali yana muda wa miezi 12 pekee. Upo mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya iliingia 1972, unaotaka fidia, lakini kwa yule ambaye jambo jipya limethibitisha kwamba hukumu ya mwisho ilikosea. Aliyeshinda rufaa ya kawaida, kama mjomba, hamo.

MWENYE SWALI: Mama, nimekusikia, na waliowavamia sitaki waambulie hata senti. Basi liwepo jopo la kupitia kila faili, na wenye kesi kama ile iliyoanguka jirani yako alipoogopa wachujwe hapo. Ninachokataa ni kumtwika aliyefungwa kazi ya kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa polisi. Na wakili, asante, ingawa umenivunja moyo kwa hiyo miezi 12. Mjomba alitoka mwezi wa tatu. Alipompata wakili wa kumsikiliza bila kudai pesa kwanza, ulikuwa mwezi wa tano, mwaka uliofuata.