Nano za mwarobaini: ikitengenezwa kwa majani ndo inakuwa salama?

Wakuu, kuna hoja inarudiwa sana siku hizi, kwamba chembe za nano (yaani ndogo mno, zisizoonekana kwa macho) za oksidi ya zinki zinazotengenezwa kwa majani ya mwarobaini ni dawa ya asili, hazina kemikali, kwa hiyo ziruhusiwe haraka zikapambane na bakteria sugu na vimelea. Mi napinga.

Angalieni zinavyotengenezwa. Majani yanachemshwa, maji yanachujwa, unayachanganya na chumvi ya zinki, mara nyingi nitreti au asiteti ya kununua dukani, unapasha moto mpaka inakuwa uji mzito, unakausha, na wengi wanamalizia kwa kuichoma kwenye tanuru nyuzi 400 kwenda juu. Jani kazi yake ni kusaidia chembe zisigandamane, na kwa joto hilo lenyewe limeshaungua karibu lote! Kinachobaki ni oksidi ya zinki, ileile iliyomo kwenye losheni ya kalamaini tunayowapaka watoto wenye tetekuwanga, ila hapa chembe ziko chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na ndo maana zinaua vizuri: ayoni za zinki (zinki yenye chaji ya umeme) zinatoka, oksijeni kali inazalishwa, utando wa bakteria unatoboka. Sasa dozi ikizidi seli za ini na figo zako zitaponea wapi? Kupaka kidonda ni jambo moja, kumeza ni jingine kabisa.

Sisemi utafiti usimame. Mgonjwa wa kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na nzi wa mchanga, kule Baringo au Turkana anachomwa sindano siku 17 mfululizo na zinauma kweli, anayemtafutia kitu bora apewe hela. Lakini majaribio mengi yanaishia kwenye sahani ya maabara, halafu mwarobaini wa kiangazi na wa masika haufanani, kwa hiyo hata ukubwa wa chembe unabadilika kila ukipika.

Na hilo la usugu msilipite. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 uliondoa dawa ya oksidi ya zinki kwenye chakula cha watoto wa nguruwe, sababu zinki ilikuwa inarundikana ardhini kupitia samadi na kulikuwa na hofu ya kuchochea usugu huohuo tunaotaka kuupiga vita.

Kwa hiyo mnaotaka ziruhusiwe haraka, nijibuni moja tu: mtoto wa kilo 12 anywe kiasi gani, na kipimo hicho mmekitoa kwenye jaribio gani la binadamu?