MREJESHO: Kushinda hasira za ghafla kwa kutafiti dhamiri

Niliuliza hapa nifanyeje ili nishinde hasira zangu za ghafla, maana kuomba "uvumilivu" kwa jumla hakukuzaa kitu. Asanteni sana mliojibu.

Kilichofanya kazi ni ile njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, ya kutafiti dhamiri, yaani kujichunguza makosa yako mbele za Mungu: kasoro 1 tu kwa wakati mmoja. Asubuhi unaazimia, mchana, kisha usiku, unahesabu mara ulizoanguka na kutia nukta daftarini, kila siku mistari 2, mmoja wa kila kipindi. Ukianguka, unaweka mkono kifuani kimyakimya na kutubu papo hapo.

Wiki ya kwanza nukta ziliongezeka. Msiogope, ni jicho tu limeanza kuona. Wiki ya 4 mstari wa mchana ulishuka kutoka nukta 7 hadi 2. Wa usiku bado, na kutafiti dhamiri ukiwa kitandani ni kulala tu. Nimehamishia kabla ya chakula cha jioni.

Kufunga Jumatano na Ijumaa kwa pamoja kulishindikana: njaa iliongeza ukali, na kiburi cha yule Farisayo wa Luka 18, aliyejisifu kwamba hufunga mara mbili kwa juma, kikaingia. Padre anayeniungamisha ameniachia Ijumaa pekee, na nisichokula apewe mhitaji.