Naombeni ushauri: jumuiya yetu Masasi tunaenda hija Namugongo, hela haijatimia na wazee wamo kwenye listi

MhaziniMasasi
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mimi ni mhazini wa jumuiya ndogo ndogo huku Masasi. Mwaka jana kipindi cha korosho tulikubaliana twende hija Namugongo, tuwepo kule tarehe 3 Juni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, watu wakafurahi sana wakaanza kuchanga. Sasa nyie mnajua huku kwetu hela ni ya msimu, minada ikianza Oktoba mpaka Desemba malipo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, yakishaingia kila mtu anatoa tu, ila kuanzia mwezi wa tatu mifuko imekauka, palizi inadai, halafu mwezi wa tano na wa sita watu wanatafuta salfa ya kupulizia mikorosho. Kamati ya parokia imetangaza asiyekamilisha mwisho wa Aprili anatolewa, nafasi anapewa mwingine.

Kwenye daftari langu kuna bibi mmoja anauza korosho za kubangua stendi. Kila Jumamosi tukimaliza sala anafungua pembe ya kanga anatoa noti zimekunjwakunjwa ndogo kama kidonge, anazinyoosha juu ya goti moja moja ndo ananikabidhi, halafu anasimama pembeni kuhakikisha nimeandika. Magoti yanamsumbua na hajafika hata nusu. Nina uhakika Aprili atakuwa hajamaliza. Siwezi kumfuta yule bibi, moyo unakataa kabisa. Nimwambieje? Na kuna wanaosema tuache Uganda twende sehemu za karibu, je hiyo nayo ni hija au ni matembezi tu?

Kijana_wa_Newala
Milele na milele amina. Dada pole. Mimi nilishaenda Namugongo na kundi la vijana, ushauri wangu ni kwamba kwa mtu wa magoti tarehe 3 Juni ni mateso. Watu wanatoka Kenya, Rwanda, Kongo, wengine wametembea kwa miguu wiki nzima, usiku wa kuamkia sikukuu mnalala chini kwenye nyasi na mkeka, choo foleni, asubuhi jua. Na kabla ya hapo basi limeshawapiga mpaka Dar, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Bukoba ndo mnavuka mpaka wa Mutukula. Kijana unashuka miguu imevimba, sembuse bibi.

Baba_Uwaka
Tusiwatishe wazee. Mimi nawajua wazee walioenda wakarudi wazima, imani inabeba. Hija lazima iwe na sadaka, mtu akienda siku ya kawaida akakuta uwanja mtupu anapata nini? Watakatifu Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto palepale 3 Juni 1886, kuwepo siku yenyewe kuna uzito wake.

Kijana_wa_Newala
Mzee wangu shikamoo, sipingi, ila uwanja sio mtupu. Basilika iko wazi mwaka mzima, misa zipo, nguzo zake 22 kwa ajili ya mashahidi 22 wakatoliki unazizunguka taratibu unasali bila kusukumwa. Ukienda na Munyonyo, sehemu nyingine ya mashahidi haohao, napo ndo kabisa. Hiyo sadaka bibi ameshaitoa kwenye zile noti.

Liwale_Kwetu
Mhazini naomba unisikilize mtu wa Liwale. Mashahidi tunao hapahapa kusini na wengi hawajui. Mikukuyumbu, huku wilayani kwetu, ndipo alipouawa Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, tarehe 14 Agosti 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili, vita ya Maji Maji ndo imewaka, walikuwa wametokea Kilwa wanaelekea misheni ya Peramiho kule Songea. Mwaka huohuo misheni ya Nyangao nayo ikavamiwa, Sista Walburga Diepolder akafa. Kanisa halijawatangaza watakatifu kwa hiyo tusiwaite hivyo, ila kwenda kusali walipomwaga damu ni hija kamili wala sio matembezi. Na tukiwa pale tuwaombee na babu zetu walioinuka kupinga kulimishwa pamba kwa lazima, nao walikufa wengi, wengi zaidi kwa njaa iliyofuata. Mimi nikiwa kule siwezi kuwasahau upande wowote.
Faida nyingine, Agosti ni kiangazi, barabara ya Nachingwea hadi Liwale inapitika. Masika msithubutu.

WAWATA_Lindi
Naunga mkono, mnaweza kulala Ndanda kwa Wabenediktini siku ya kwanza, wazee wanapumzika, kesho ndo mnaendelea.
Halafu kuhusu barabara mnasahau, safari ya Juni mnaondoka mwisho wa Mei. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata njia ya Dar pale Somanga watu wakakwama. Mkienda Uganda pitieni Tunduru, Songea, Makambako, mnatokezea Dodoma, lami yote na Peramiho mnaisalimia.

Jirani_Muislamu
Salaam. Mimi sio mkatoliki ila nimesoma nikaguswa. Sisi kwenye kuhiji mtu huweka miaka na miaka, asiye na uwezo hana deni kwa Mungu. Msimfute bibi, mwambieni hela yake inamsubiri yeye. Na kama kuna kijana ana uwezo amlipie kimyakimya bila kutangaza.

TumainiMtwara
Mbona jibu liko wazi, Agosti nendeni Mikukuyumbu na wazee wote kwa mchango mdogo, Namugongo isogezeni Novemba hela ya korosho ikiwa mkononi. Sikukuu sio amri. Hela ya kila mtu ibaki kwenye daftari kwa jina lake, paroko asaini. Na mapema tafuteni hati za kusafiria Uhamiaji na kadi ya njano, bila chanjo ya homa ya manjano mpakani mnazuiwa.

MhaziniMasasi
Mungu awabariki sana, baba wa UWAKA nimekusikia na wewe, wanaoweza kwenda Juni waende na baraka zote. Jumamosi napeleka hoja ya Agosti na Novemba, na bibi nitaongea naye mimi mwenyewe kabla kamati haijamfikia. Liwale_Kwetu nitumie meseji, nataka kujua kosta inafika mpaka penyewe au tunashukia wapi tutembee, na kama kuna maji ya kunywa.