Kutumia msimbo uleule katika kurasa nyingi za PHP na MySQL

mlinzi_wa_seva aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninatunza mfumo mdogo wa SACCOS ulioandikwa kwa PHP (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) na MySQL (programu ya kanzidata), ambao niliurithi kwa fundi aliyenitangulia. Una kurasa zipatazo 40, za wanachama, akiba, mikopo, marejesho na ripoti, na karibu kila ukurasa unaanza na mistari ileile ya kufungua muunganisho wa kanzidata, nywila ikiwa imeandikwa waziwazi humohumo. Mwezi uliopita nilipobadilisha nywila hiyo ilinibidi kufungua faili moja baada ya nyingine, na bado nikasahau mbili. Aliyenijulisha ni keshia, tena mbele ya wateja.

Tangu siku hiyo nimeanza kukusanya yanayojirudia. Kichwa cha ukurasa na menyu nimevihamishia kwenye faili zake, nami naviita kwa `include`, amri inayoingiza faili moja ndani ya nyingine. Kisha nikaandika fankisheni (kipande cha msimbo chenye jina, kinachoitwa popote) `jina_la_mwanachama($id)`, ambayo hupokea namba ya mwanachama na kurudisha jina lake, nikaitumia kila panapohitajika jina. Msimbo sasa unasomeka vizuri, lakini ukurasa wa marejesho wenye mistari 200, ambao zamani ulifunguka papo hapo, sasa unachukua sekunde kadhaa. Ninaomba kueleweshwa: ni kitu gani hasa kinachofaa kuwekwa mahali pamoja, na kwa nini msimbo uliosafishwa uwe mzito kuliko ule mchafu?

fundi_wa_usiku alijibu:

Ndugu, uzito huo hautokani na kutumia fankisheni, bali na mahali unapoiita. Ukiiita ndani ya kitanzi (msimbo unaojirudia kwa kila mstari) kinachochapa mistari 200, ukurasa hutuma ombi moja la kuleta marejesho, kisha maombi mengine 200 ya kuleta majina, yaani safari 201 za kwenda na kurudi kwenye kanzidata. Fundi aliyekutangulia, pamoja na uchafu wake wote, bila shaka alikuwa ameunganisha majedwali mawili katika ombi moja, namna hii:

`SELECT m.tarehe, m.kiasi, w.jina FROM marejesho m JOIN wanachama w ON w.id = m.mwanachama_id ORDER BY m.tarehe DESC LIMIT 200`

Kwa hiyo usiandike fankisheni inayoleta kipande kimoja cha mstari. Andika inayojibu swali zima ambalo ukurasa unaliuliza, kwa mfano `marejesho_ya_karibuni($db, $kikomo)`, irudishe orodha iliyokamilika pamoja na majina. Ukurasa wa keshia utaiita, ripoti ya mwezi itaiita, na siku ukiongeza safu ya namba ya risiti utaigusa sehemu moja tu. Fankisheni yako ya jina usiifute, kwa kuwa inafaa kabisa kwenye ukurasa unaomwonyesha mwanachama mmoja.

Naomba uniambie jambo moja: je, fankisheni hiyo inafungua muunganisho wake yenyewe?

mlinzi_wa_seva:

Naam, inaufungua. Niliona ni usalama zaidi ikijitegemea.

fundi_wa_usiku:

Basi hapo ndipo sekunde zako nyingi zilipokwenda. Kufungua muunganisho ni kazi kubwa kuliko ombi lenyewe, kwani seva hukaguana na programu yako, jina na nywila vikahakikiwa, ndipo mazungumzo yaanze. Wewe ulikuwa unabisha hodi mara 200 kwa ajili ya ukurasa mmoja. Fungua muunganisho mara moja katika faili moja, kisha uupitishe kwa kila fankisheni kama nilivyopitisha `$db` hapo juu. Faili hiyo ikae nje ya folda inayoonekana kwenye kivinjari, na iitwe hivi:

`require_once __DIR__ . '/../maktaba/muunganisho.php';`

Nimechagua `require` kwa makusudi. Faili isipopatikana, `include` hutoa onyo tu na ukurasa ukaendelea, ambapo `require` husimamisha kila kitu. Na ukurasa wa fedha usio na kanzidata haustahili kuendelea. Tena, jina la faili liishie na `.php`. Nimewahi kukuta mfumo ambao faili yake ya nywila iliishia na `.inc` ndani ya folda ya wazi, na seva ikawa inaionyesha kama maandishi ya kawaida kwa yeyote aliyeandika anwani yake.

binti_wa_kanzi alijibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila ninaongeza tahadhari, kwa sababu anayeanza kukusanya msimbo hanogewi kidogo. Mimi niliwahi kuandika fankisheni moja ya kuleta chochote kutoka jedwali lolote, `leta($jedwali, $safu, $sharti)`, na kila ukurasa mpya ukaja na hitaji lake la pekee, hadi ikafikisha vigezo 11 na hakuna aliyethubutu kuigusa, mimi mwenyewe nikiwamo. Ubaya zaidi ni kwamba alama ya kuulizia (`?`) katika ombi lililoandaliwa, yaani ombi linaloandikwa kwanza na thamani zake kujazwa baadaye, hushika thamani tu, haishiki jina la jedwali wala la safu. Majina hayo utalazimika kuyaunga kwa maandishi, na yakitoka kwenye fomu bila kulinganishwa na orodha ya majina unayoyaruhusu, umemfungulia mwizi mlango.

Akiba na marejesho leo vinafanana: tarehe, kiasi, jina. Hata hivyo marejesho yatadai riba na faini, na akiba haitazidai kamwe. Viache viwe fankisheni mbili, hata kama mistari sita inajirudia.

mlinzi_wa_seva:

Nawashukuru. Nimeunganisha majedwali na kufungua muunganisho mara moja, na ukurasa umerudia wepesi wake. Nimekwama kwenye `LIMIT ?` peke yake: nikiipa 200 kupitia `execute` ya PDO (sehemu ya PHP inayozungumza na kanzidata), MySQL inalalamika kuhusu kosa la sarufi karibu na `'200'`.

binti_wa_kanzi:

Tazama hizo alama za nukuu. PDO, katika mpangilio wake wa kawaida kwa MySQL, huiga maandalizi ya ombi yenyewe, na kila kinachopitia orodha ya `execute` hukichukulia kama maandishi. Iambie kwamba hiyo ni namba:

`$ombi->bindValue(1, $kikomo, PDO::PARAM_INT);`

mlinzi_wa_seva:

Imekubali. Kurasa mbili za ripoti bado zinatumia `mysql_connect`, fankisheni ya zamani ya kufungua muunganisho, ambayo iliondolewa tangu PHP 7.0 mwaka 2015, na ndizo zinazotuzuia kuhama seva ya zamani. Nitazigusa baada ya kufunga hesabu za mwezi, keshia akiwa likizo.