Saa za huduma kabla ya kuhitimu: ni kujitolea au ni kutolewa?

Kijana wa Mkomani: Chuo kimoja kimetuletea tena wanafunzi wake Lamu, wiki nzima. Wanakusanya saa za huduma kwa jamii, na zisipotimia hawahitimu. Wenyewe wanaita uongozi wa utumishi. Nauliza: jambo la lazima linaitwaje kujitolea? Karibuni, matusi hapana.

Mwaka wa Tatu: Nilikuwemo kwenye kundi hilo. Huo uongozi wa utumishi si kiini macho. Aliyeandika juu yake ni Mmarekani, Greenleaf, mwaka 1970, baada ya miaka mingi katika kampuni ya simu. Sisi tuliondoka alfajiri kwa mashua hadi Matondoni, tukapanda mikoko, tope hadi magotini. Wenyeji wamekaa barazani wanatutazama tu.

Fundi Jahazi: Mmarekani wa 1970? Yakhe, sisi tumelelewa na "mkubwa wa watu ni mtumishi wao" kabla simu haijavumbuliwa. Ni hadithi ya Mtume hiyo.

Ustadh wa Langoni: Taratibu, fundi. Sanadi ya maneno hayo, yaani mlolongo wa walioyapokea, wanavyuoni wameitia dosari. Maana yake nzuri, lakini usimnasibishie Mtume (s.a.w.) jambo bila uhakika.

Mama wa Kikundi: "Wanatutazama tu." Mwanangu, baada ya mashua yenu kung'oa nanga, waliorudi pale ni sisi. Tumekuta safu nzima imepandwa kichwa chini! Mbegu ya mkoko ni ndefu kama mshumaa, upande mmoja kofia, upande mmoja ncha. Ncha ndiyo huingia topeni. Nyinyi mmeielekeza mbinguni. Tumezing'oa moja moja na kuzigeuza huku maji yanajaa. Saa zetu sisi kaziandika nani?

Fundi Jahazi: Kichwa chini! Chai imenipalia 😂

Mwaka wa Tatu: Si safu nzima, mama, ni chache. Na aliyetuelekeza ni wa huko huko kwenu.

Mzaliwa wa Mpeketoni: Haya ndiyo yanayoniudhi. Akikosea mtu wa bara, au sisi wa Mpeketoni wenye asili ya bara, Waamu mtacheka hadi Maulidi.

Kijana wa Mkomani: Nani kataja bara? Huyo mwanafunzi atokako hatukujui.

Mzaliwa wa Mpeketoni: Haikutajwa, ilisikika.

Mstaafu Malindi: Turudi kwenye swali. Kulazimisha wasomi si jambo geni. Nyerere aliwafukuza wanafunzi elfu moja waliokataa jeshi, mwaka 67 kama sikosei.

Kijana wa Mkomani: Umekosea, mzee wangu. Ni Oktoba 1966, na hawakufika mia nne. Waliandamana kupinga JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa sababu miezi 18 wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere akawarudisha makwao, na siku ile ile akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Sasa nitajie mkuu wa chuo aliyeshika mche mwenyewe, tuzungumze utumishi.

Mstaafu Malindi: Mwaka ule wewe hukuwa hata wazo. Sisi wa 1984 tulipelekwa NYS, huduma ya vijana kwa taifa, kabla ya kuingia chuo kikuu, na hatukufa.

Mkata Boriti: Mnabishana mishahara! Marufuku ya kukata miti ilipotangazwa 2018, sisi wakataji wa mazio na boriti, miti ya kujengea, tulikaa bila kazi. Hakuna chuo kilichokuja kutuhudumia. Leo tunafunzwa kupanda na watoto wasiojua kutofautisha mkoko na mchu, miti miwili tofauti ya topeni. Na pale walipopanda ni pa mchu, bamvua tu, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, ndiyo hufika. Hata mgeuze ncha, mkoko hauoti.

Mama wa Kikundi: Pale ni pa mkoko! Mimi nazaliwa, pana mikoko pale.

Mkata Boriti: Ilikuwa upande wa mkondo, si huku juu.

Fundi Jahazi: Mimi mnipandie mlilana, mti mwingine wa topeni; mataruma ya kupinda, mbavu za jahazi, yamekuwa adimu.

Mwaka wa Tatu: Mama, zile mlizogeuza zimesimama?

Mama wa Kikundi: Nyingine. Nyingine kaa wamezila.

Mkata Boriti: Si nimesema.

Mama wa Kikundi: Kaa hali kwa sababu ya mchu, yuala kwa sababu ana njaa!

Ustadh wa Langoni: Fundi, bado nasubiri, hiyo hadithi umeitoa kitabu gani?