NES ya marehemu baba: nimeisafisha na kuirudisha yote, bado taa inawaka na kuzima

Mwana wa Baharia (Tanga)

Habari zenu wakubwa na wadogo. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kuishika mashine hii kwa mikono yake.

Marehemu baba alikuwa baharia. Mwaka 1991 meli yao ilikaa Göteborg, Sweden, ikitengenezwa, naye akarudi nyumbani na Nintendo, mashine ya michezo ya kuchezea kwenye TV, ile NES ya kijivu ambayo kanda ya mchezo unaisukuma kwa mbele kisha unaibonyeza chini. Alikuja na kanda moja tu, Zelda ya rangi ya dhahabu. Sisi watoto tulikuwa watazamaji, mchezaji ni yeye. Alipofariki, mama aliifunga kwenye kanga akaiweka juu ya kabati, hadi Ramadhani iliyopita aliponiita akanikabidhi.

Nilichofanya mpaka sasa: nimefungua skrubu sita za chini, nikatoa bati la kukinga, nikatoa trei, nikachomoa soketi nyeusi ya pini 72 inayopokea kanda. Soketi nimeichemsha kwenye sufuria ya maji safi, nikaianika siku nzima, nikapiga mswaki na spiriti ya aisopropili niliyopewa na fundi simu wa hapa mtaani. Kutu ya kijani imetoka yote, pini zinang'aa. Kurudisha kumenichukua jioni tatu.

Matatizo ni matatu. Kwanza, trei haikai chini. Nikibonyeza inarudi juu, ikabidi niizuie kwa kiberiti. Pili, taa nyekundu inawaka na kuzima, kama mara moja kwa sekunde, na kioo cha TV kinafuata hivyohivyo. Tatu, adapta ya baba nikiipima inasoma sifuri, na bado taa inawaka! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Najaribia Super Mario Bros. aliyoniletea binamu kutoka London. Zelda sijaiweka na sitaki kuiweka mpaka niwe na uhakika, kwa sababu ndani yake kuna mchezo wa baba alioishia. Nikiufuta huo, sijui nitamwambia nini mama.

Fundi Mzee (Kariakoo, Dar)

Mdogo wangu, pole, na Mungu amrehemu mzee. Kazi uliyoifanya ni nzuri. Ile soketi ya zamani ikisafika ni bora kuliko mpya za kuagiza, maana mpya zinang'ata kanda mpaka unaichomoa kwa mikono miwili.

Adapta yako ni nzima. Mita uliiweka kwenye DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri. Adapta ya NES inatoa volti 9 za AC, umeme wa kubadilika mwelekeo kama wa ukutani, na kazi ya kuigeuza DC inafanyika ndani ya mashine yenyewe, kwenye lile boksi la bati ulipo mlango wa umeme. Rudisha mita kwenye AC upime tena; ukikuta 11 au 12 usishtuke, hiyo ni kwa kuwa haijabeba mzigo. Ila nakuonya: adapta hiyo usije ukaichomeka kwenye zile Terminator, mashine za michezo za Kichina tulizokuwa nazo miaka ile. Zile zinataka DC, na nimeletewa zilizoungua kwa kosa hilohilo.

Sasa trei. Katika skrubu zinazoishikilia, mbili ni ndefu kuliko nyingine. Ulikumbuka zilipotoka? Ukichanganya, au ukikaza za mbele kwa nguvu zote, plastiki inajipinda kidogo na ule mdomo wa kunasa haukutani na mwenzake. Toa trei tena. Isukume taratibu kutoka mbele kwenda nyuma mpaka ukingo wa bodi uingie katikati ya midomo yake miwili. Rudisha skrubu zote zikiwa legelege kwanza, jaribu kubonyeza, ikinasa ndiyo ukaze, na ukiona ugumu tu acha. Plastiki ya miaka zaidi ya thelathini haitaki ubabe.

Kuhusu taa, piga tena mswaki kanda ya Mario. Usipulize kwa mdomo kama tulivyozoea utotoni, mate ndiyo yanayoleta ile kutu uliyoikuta.

Kijana wa Kongowea (Mombasa)

Ndugu yangu, hiyo taa dawa yake najua. Ndani kuna aisii (chipu) ndogo ya kufuli, inayokataa kanda zisizo za eneo lake. Kata pini yake ya 4, inua juu, maliza. Yangu nilikata, na tangu siku hiyo inameza kaseti yoyote: ya Marekani, ya Ulaya, hata ya mahali sijui wapi. Za Marekani zinaenda polepole kidogo, kwa kuwa mashine ya Ulaya inapiga picha 50 kwa sekunde na zile zilitengenezewa 60, lakini zinacheza.

Mama Wawili (Göteborg)

Jamani, ngojeni kwanza, asikate kitu.

Mdogo wangu wa Tanga, mimi ninaishi hapahapa mji alionunulia baba yako, na mashine hizi mwanangu mkubwa anazikusanya, kwa hiyo nimejifunza nikitaka nisitake. Umesema mashine ni ya Sweden na kanda ya kujaribia ni ya London. Basi huenda soketi yako haina tatizo lolote!

Nintendo waliigawa Ulaya mafungu mawili. Uingereza na Italia ziko fungu moja, pamoja na Australia. Kule mwanzoni waliuza Mattel. Sweden, Ujerumani na nchi nyingi nyingine ziko fungu la pili. Hapa wauzaji walikuwa Bergsala, kampuni ya Kungsbacka, kusini kidogo ya mji huu, tangu 1986. Aisii ya kufuli iliyo kwenye mashine inasemezana na mwenzake aliye ndani ya kanda. Wasipoelewana, mashine inajianzisha upya kila sekunde. Ndiyo hiyo taa unayoiona. Famicom, yaani Nintendo ya Japani ya 1983, haikuwa na kufuli hili, na ndiyo maana Terminator, ambazo ni nakala yake, hazikujali kanda imetoka wapi.

Hakikisha mwenyewe. Fungua kanda ya Mario. Bisibisi yake ni ya pekee, ya milimita 3.8, lakini ukilainisha kwa moto kitako cha kalamu ya Bic, ukakigandamiza juu ya skrubu na kuacha kipoe, kinashika umbo na kinafungua. Ndani soma namba ya aisii ndogo. Ikiwa ni 3197A, hiyo ni ya fungu la Uingereza. Kwenye bodi ya mashine yako utakuta 3195A.

Fundi Mzee (Kariakoo, Dar)

Dada ameona nilichopitiwa. Nilisoma "London" nikapita. Na kuhusu kukata pini, mimi nimekata nyingi na hazikudhurika, lakini hii ni mali ya marehemu na inayo kanda yake halali. Iache kama alivyoiacha.

Mwana wa Baharia (Tanga)

Nimerudi. Kalamu ya kwanza iliyeyuka yote, ya pili ikafungua. 3197A! Kwenye bodi ni 3195A, kama dada alivyosema. Trei nayo ilikuwa skrubu: ile ndefu moja niliiweka pembeni isipostahili. Sasa ukibonyeza inanasa, kwa sauti ileile niliyokuwa nikiisikia nikiwa nimelala chumba cha pili.

Naomba jambo moja la mwisho. Zelda niiweke? Na betri ya ndani je?

Mama Wawili (Göteborg)

Weka. Safisha pini zake kwa pamba na spiriti, subiri ikauke kabisa. Betri ni CR2032 iliyolehemewa, usiiguse kabla ya kutazama. Wapo wanaozikuta hai mpaka leo. Ukimaliza, shikilia RESET ndipo uzime. Mchezo wenyewe unaagiza hivyo, kwani kuzima kwa ghafla ndiko kunakoweza kuvuruga kumbukumbu. Siku ya kubadilisha betri, Fundi hapo juu atakuelekeza jinsi ya kushikiza mpya sambamba na ya zamani kabla ya kuitoa.

Mwana wa Baharia (Tanga)

Nimeweka saa tatu usiku, watoto wamelala. Taa ikawaka ikatulia. Muziki ukaanza na mama akatoka chumbani bila kuitwa.

Kwenye orodha ya majina kuna nafasi tatu. Mbili tupu. Ya juu imeandikwa MWINYI, mioyo tisa, na pembeni hesabu ya mara alizokufa: 61. Mama aliisoma ile namba akasema, "Hizo nyingi ni za usiku ule umeme ukirudi." Sikubonyeza START. Nilishikilia RESET, nikazima, na kidole changu kilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Fundi, Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa Dar. Naomba unipokee na kanda hii, betri tuibadilishe nikiwa nimekaa pembeni yako.